Kazi za Mikono ya Wazee Wetu: Ziko Wapi, na Nani Atatufundisha Kuzisoma?

Mtu akitaka leo kuona kwa macho yake kiti cha enzi cha Waluba, kile kinachobebwa kichwani na mwanamke wa mti, kazi ya fundi mashuhuri wa Buli, haimfai kukitafuta Kamina. Ataambiwa aende London au New York. Na akitaka kuona sanamu ya mwanamke aliyeketi na kushika kibakuli mikononi, kazi ya fundi huyo huyo, itambidi afike Tervuren, karibu na mji wa Bruseli katika nchi ya Ubelgiji. Huko watoto wa shule hupita mbele ya vitu hivi wakiongozwa na mwalimu, nao husikia habari za Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga. Mtoto wa Kamina, ambaye ukoo wake wenyewe watajwa katika habari hizo, mara nyingi hajapata kuviona hata katika picha.

Basi, wasomaji wapenzi, katika kurasa hizi tunataka kuzungumza juu ya nyumba za makumbusho na vyuo, na juu ya ile desturi njema ya kuwaita watu wote, wala si wanafunzi peke yao, waje kusikiliza mhadhara juu ya kazi za ustadi. Labda mmoja wenu atasema: Hayo ni mambo ya Wazungu na ya watu wa miji mikubwa. La, sivyo. Nchi hii ya Waluba ilikuwa na makumbusho yake na wahadhiri wake kabla mzungu wa kwanza hajavuka Lualaba.

Tutazame kwanza ubao uitwao lukasa. Ni kipande cha mti kilichochongwa, kipana huku na huku na chembamba katikati, kiasi cha kushikwa vizuri na mkono mmoja. Mgongo wake hufananishwa na gamba la kobe. Juu ya uso wake zimepachikwa shanga za rangi mbalimbali, simbi na pini za chuma. Na mbao nyingine hazina shanga, bali zimechongwa vinundu na mistari. Asiyejua huona pambo tu. Ajuaye hushika lukasa kwa mkono wa kushoto, na kwa kidole cha shahada cha mkono wa kuume hugusa shanga moja baada ya moja, huku akisimulia na kuimba. Shanga kubwa iliyozungukwa na ndogo ni mfalme pamoja na watu wake. Mstari wa shanga ni njia, au safari. Hapa ndipo alipopita Mbidi Kiluwe, yule mwindaji mgeni mwenye adabu. Pale ndipo alipotawala Nkongolo, mfalme mkali wa upinde wa mvua, aliyemchukia mpwa wake Kalala Ilunga na kutaka kumwua kwa hila katika ngoma.

Wenye kusoma lukasa walikuwa watu wa chama cha Mbudye, na si wote, bali wale tu waliopanda hata daraja za juu baada ya mafunzo marefu. Waliitwa bana balute, yaani watu wa kumbukumbu. Walisoma mbele ya watu katika sikukuu na katika kutawazwa kwa wakubwa, pamoja na ngoma. Tena usomaji haukuwa neno moja lisilobadilika. Msomaji alichagua habari zilizopasa siku ile na watu wale. Mwaka 1977 mtaalamu wa historia Thomas Reefe aliandika makala juu ya ubao huu, na tangu hapo watu wengi wa vyuo vikuu wameuchunguza na kuustaajabia. Mimi nastaajabia zaidi jambo moja: kazi ya Mbudye haikuwa kumsifu mfalme tu. Waliokuwa na kumbukumbu ya wafalme wema waliweza pia kumpima kwayo mfalme wa siku zao. Mhadhara wa namna hiyo si mchezo.

Na vitu vingine vya enzi vilikuwa vivyo hivyo, maneno yaliyoandikwa katika mti. Fimbo ya mkubwa ina mabapa na vichwa na vifundo, na kila kimoja ni mahali, au mji, au mtu. Kiti hakikuwa cha kukalia kila siku. Kilifungwa katika nguo nyeupe na kutunzwa mahali pa siri. Watu huuliza kwa nini karibu kila kazi ya Waluba ina umbo la mwanamke, na hali wafalme walikuwa wanaume. Wazee hujibu kwamba mwili wa mwanamke ndio wenye nguvu ya kubeba mambo mazito ya enzi, kama ubebavyo mtoto. Zamani mfalme alipokufa, mwanamke mmoja aliyeitwa Mwadi alishika makao yake na jina lake. Akina mama wasomao gazeti hili watafahamu jambo hili upesi kuliko waume zao.

Kwa muda mrefu kazi hizi zilionyeshwa Ulaya bila jina la fundi, kana kwamba miti ilijichonga yenyewe. Frans Olbrechts, Mbelgiji, ndiye aliyezitenga kwa kutazama mkono wa fundi: akaona kundi la sanamu zenye nyuso ndefu, mashavu yaliyobonyea na mikono mikubwa, zikifanana kama barua zilizoandikwa na mtu mmoja. Kwa kuwa mbili zilitoka kijiji cha Buli, kaskazini mwa Katanga, mwandishi wake asiyejulikana akaitwa Fundi wa Buli. Baadaye watafiti waliouliza wenyeji walipewa jina: Ngongo ya Chintu. Wataalamu wengine hufikiri kwamba mikono ilikuwa zaidi ya mmoja, fundi na mwanafunzi wake. Lakini tazameni, jina lile halikuonekana katika ghala la Tervuren. Lilikuwa katika vinywa vya wazee, nalo lilingoja aulizwe mtu.

Vitu hivi vilitokaje nchini? Kwa njia nyingi, na haifai kuzichanganya. Vingine vilinunuliwa, vingine vilitolewa zawadi, vingine vilichukuliwa kwa nguvu za askari katika siku za Dola Huru la Kongo. Makumbusho ya Tervuren yalianza na maonyesho ya mwaka 1897, ambapo Mfalme Leopold wa Pili alileta si vitu tu bali na watu: Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji wakakaa katika vijiji vya kuonyeshwa, na 7 kati yao walikufa huko. Makaburi yao yapo hata leo kando ya kanisa la Tervuren. Mkristu apitaye pale hana budi kuwaombea.

Na wamisionari je? Tuseme kweli, kwa kuwa kweli haimdhuru Mungu. Wako waliochoma sanamu motoni, na wako waliozichukua na kuzipeleka mbali. W. F. P. Burton, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uingereza, aliyefika nchi ya Waluba mwaka 1915 na kukaa zaidi ya miaka 40, alikusanya vitu vingi kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand katika mji wa Johannesburg, akapiga picha, akaandika kila kitu kilitoka wapi na kilitumiwaje. Sisi Wakatoliki nasi tulikuwa na yetu. Katika Mwaka Mtakatifu wa 1925, Papa Pius wa Kumi na Moja alifanya maonyesho makubwa ya misioni katika Vatikani. Vililetwa vitu zaidi ya 100,000 kutoka pande zote za dunia, na vilivyobaki vikawa msingi wa makumbusho ambayo hata leo yamo katika majumba ya Vatikani.

Lakini wako pia waliokaa chini na kusikiliza. Katika nchi yetu Mapadre Wafransisko walifanya kazi kubwa. Padre Placide Tempels aliandika kitabu chake juu ya mawazo ya Wabantu, nacho kilitolewa Elisabethville mwaka 1945. Wengine walikisifu, wengine walikilaumu, wala ubishi juu yake haujaisha. Padre Van Avermaet pamoja na Benoît Mbuya walitunga kamusi kubwa ya Kiluba, iliyopigwa chapa mwaka 1954. Padre Theuws aliandika juu ya desturi na mashairi. Asomaye kamusi ile atakuta majina ya vyombo, vya nyumbani na vya enzi, ambavyo mjukuu hajui tena kuviita.

Hapa msomaji mwenye dhamiri nyororo atauliza: Je, ni halali kwa Mkristu kutazama na kufundishwa vitu vilivyotumiwa katika matambiko? Swali ni jema, wala tusilicheke. Kutazama si kuabudu. Mtu akitazama sanamu ya zamani ya Kigiriki katika Roma, hamwabudu Jupiter. Na mapapa wenyewe ndio waliozitunza sanamu hizo katika nyumba yao. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya Liturujia, ulikiri kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake peke yake, bali lilipokea mitindo ya kila taifa na kila wakati. Mwalimu wa dini aliye na busara ataeleza wazi: hiki kilikuwa cha heshima ya mfalme, hiki cha uganga, hiki ni mto wa mti wa kulinda nywele za mwanamke zisiharibike usingizini. Vingi ni vya namna hii ya mwisho, wala havina neno la kuogopa.

Tena Kamina yenyewe ilitoa mfano ambao dunia yote iliusikia. Padre Guido Haazen, Mfransisko, alifika hapa mwaka 1953, akakusanya wavulana wa shule na walimu wao katika kwaya iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Hakuwapa nyimbo za Ulaya wazikariri. Walichukua namna za kuimba za nyumbani: kasala, ule wimbo wa maombolezo na wa kutaja majina, ukawa Kyrie; wimbo wa kuagana ukawa Sanctus; na mwendo wa ngoma ya Kasai ukawa Hosanna. Hivyo ikatungwa Misa Luba, iliyoimbwa mara ya kwanza katika misioni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule kwaya ilisafiri Ulaya, ikaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika Maonyesho Makuu ya Bruseli. Mwaka 1964 Gloria yake ilisikika katika filamu ya Pasolini juu ya Injili ya Mathayo. Ni wangapi katika parokia zetu wajuao kwamba sauti zile zilikuwa za watoto wa mji huu?

Sasa tuteremke kwa treni mpaka Bukama, na kutoka hapo tufuate Lualaba mpaka ziwa Kisale. Pale Sanga, kando ya maji, wavuvi walikuwa wakiona vyungu vikijitokeza katika udongo. Mwaka 1957 Jacques Nenquin wa makumbusho ya Tervuren alichimba. Mwaka uliofuata Jean Hiernaux wa Chuo Kikuu cha Elisabethville akaendelea. Na mwaka 1974 na 1975 Pierre de Maret akachimba Sanga na mahali pengine pa bonde hilo, kama Kamilamba, Katongo na Malemba Nkulu. Walikuta makaburi kwa mamia. Wafu walizikwa pamoja na vyungu vizuri visivyotumika, bangili na mikufu ya shaba, vyombo vya chuma, pembe za ndovu, na hata simbi zilizotoka Bahari ya Hindi, safari ya miezi mingi kwa miguu. Kaburi la mtoto lilitiwa vyungu vidogo, kadiri ya umri wake. Mzazi gani hafahamu maana yake?

Na jambo la kushangaza zaidi: katika kaburi moja la Kamilamba, la kati ya karne ya 8 na ya 10, mtu alizikwa na shoka la heshima lenye mpini uliopambwa kwa misumari, pamoja na fuawe ya chuma. Mashoka ya namna hiyo wakubwa wa Waluba wameyashika hata karibu na siku zetu. Maana yake, alama za ukubwa zimepokewa kutoka mkono hadi mkono zaidi ya miaka elfu. Baadaye, kuanzia karibu karne ya 14, huonekana katika makaburi misalaba midogo ya shaba, iliyokuwa fedha ya watu wa wakati ule. Wale wanaosema kwamba nchi hii haikuwa na historia kabla ya kuja kwa wageni, waende Sanga wakawaambie hayo wafu.

Sehemu ya vitu vilivyochimbwa imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Hapo ni karibu kuliko Bruseli, ingawa kwa mwanafunzi wa Kamina nauli si ndogo, na treni, kama mjuavyo, ina siku zake. Lubumbashi pia palianza shule za wachoraji. Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana mwaka 1946, akakataa kabisa kuwapa vijana picha za Ulaya waziige. Aliwataka watazame samaki, nyoka, ndege na majani ya kwao. Kutoka hapo walitokea Pilipili Mulongoy, Bela Sara aliyechora kwa ncha za vidole, na Mwenze Kibwanga. Mwaka 1951 Laurent Moonens alianzisha Chuo cha Sanaa. Na Padre François Neyt, mmonaki Mbenedikto aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa mwaka 1993 kitabu kikubwa juu ya kazi za Waluba.

Chuo na makumbusho vikikaa pamoja, matunda huonekana. Katika Makerere, Uganda, Bibi Margaret Trowell alianza mwaka 1937 kufundisha uchoraji na uchongaji. Miaka michache baadaye makumbusho ya Uganda yalihamishiwa katika chuo hicho, naye akayatunza, mpaka yalipopata jengo lake mwaka 1954. Wanafunzi walijifunza kuchonga huku vyombo vya wazee vikiwa mbele yao. Mmoja wao, Gregory Maloba kutoka Kenya, ndiye aliyeunda mnara wa Uhuru uliosimamishwa Kampala mwaka 1962. Jengo zuri lilikuja baada ya mafundisho, wala halikutangulia.

Siku hizi yanasemwa mengi juu ya kurudishwa kwa vitu. Kati ya mwaka 1976 na 1982 Tervuren ilirudisha Kinshasa vitu 114. Mwaka 2019 Makumbusho mapya ya Taifa yalifunguliwa Kinshasa kwa msaada wa Korea ya Kusini. Mwezi wa Februari 2022 serikali ya Ubelgiji ilikabidhi orodha ya vitu karibu 84,000, na mwezi wa Juni mwaka ule Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Wasuku kiitwacho Kakuungu, kwa mkopo usio na mwisho. Ni jambo la haki, nasi twafurahi. Walakini kitu kikirudi na hakuna awezaye kukisoma, kitakuwa kimehama kutoka kabati moja kwenda kabati nyingine. Na huku tukingoja vya mbali, vya karibu vinatoka: wachuuzi hupita vijijini wakinunua kiti cha babu kwa bei ya mbuzi mmoja, na warithi hufurahi, kwa sababu hakuna aliyewaambia ni kitu gani.

Kwa hiyo neno letu ni kwa wakuu wa vyuo na wa shule za sekondari za Kamina, na kwa maparoko wenye ukumbi. Hamhitaji makumbusho ili kufanya mhadhara wa makumbusho. Chagueni jioni moja katika muhula. Mwalimu mmoja wa historia atayarishe habari za kitu kimoja tu, kwa mfano lukasa, au vyungu vya Sanga. Picha nzuri za vitu vya Tervuren na vya New York hupatikana leo bure, nazo zaweza kuonyeshwa ukutani. Mzee mmoja au wawili wakae mbele, wala wasiwe pambo la mkutano: waulizwe, tena wapewe nafasi ya kumkosoa mwalimu. Wanawake waliojifunza kufinyanga kwa mama zao waitwe pia, maana aliyewahi kushika udongo ataona katika chungu mambo ambayo profesa hayaoni. Mlango uwe wazi kwa wazazi. Wanafunzi wawili waandike yote yasemwayo, kwa Kiluba kama yalivyosemwa, kisha kwa Kiswahili au Kifaransa.

Na kama katika familia yako kimesalia kitu cha zamani, usikiuze kwa mpita njia, wala usikipeleke chuoni kitwaliwe na kusahauliwa. Kipeleke kionwe, kipigwe picha, kisha urudi nacho nyumbani. Usikioshe kwa maji wala kukipaka mafuta ya mawese ili king'ae, kwa maana weusi ule ulioshikamana nacho ni sehemu ya habari zake. Kiinue juu ya udongo, mbali na mchwa na moshi mwingi. Halafu chukua karatasi, uandike jina la aliyekichonga kama lajulikana, kijiji, jina la aliyekitumia, na siku uliyoambiwa hayo na nani. Karatasi hiyo ikae pamoja na kitu chenyewe, na nyingine kama hiyo ikae kwa paroko.